Kupima uwezo wa akili na afya anayoieleza mgonjwa mwenyewe: mwongozo kamili wa kuandaa kipimo kwa Kiswahili

Mtafiti wa saikolojia anayefanya kazi na wagonjwa hushughulika na mambo mawili yasiyoonekana kwa darubini wala kwa picha ya mionzi. La kwanza ni uwezo wa akili, yaani kumbukumbu, umakini, kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga mambo. La pili ni hali ya afya kama mgonjwa mwenyewe anavyoihisi na kuisimulia: maumivu, uchovu, usingizi, huzuni, na jinsi ugonjwa unavyomzuia kufanya shughuli zake. Yote mawili hugeuzwa kuwa alama, na alama hizo huamua nani apewe matibabu, dawa ipi ihesabiwe kuwa inafaa, na mzee yupi apelekwe kwa daktari bingwa.

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia takwimu. Mwongozo huu unaweka nguvu nyingi mahali pengine, kwenye kuhakikisha kwamba swali limeeleweka na kazi aliyopewa mtu inapima kile kilichokusudiwa, kwa sababu hakuna hesabu itakayookoa jibu la swali ambalo mjibu hakulielewa.

Hatua ya kwanza: andika kwa sentensi moja unachotaka kujua

Kabla ya kutafuta dodoso lolote, andika sentensi moja inayotaja watu gani, jambo gani na kwa ajili ya uamuzi gani. "Kutambua wazee wa miaka 65 na zaidi katika zahanati za vijijini wanaohitaji uchunguzi wa ugonjwa wa demensia" (yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) ni sentensi inayofaa, ilhali "kuchunguza afya ya akili ya wazee" haifai, kwa kuwa haikuambii uchague kipimo gani wala utajuaje kwamba umefaulu.

Hapa ndipo pa kuamua iwapo unapima utendaji au maelezo. Malalamiko ya kusahau na matokeo ya jaribio la kumbukumbu ni vitu viwili tofauti. Kwa wagonjwa wa saratani waliopata tibakemikali, kwa mfano, imeonekana tena na tena kwamba malalamiko ya kusahau hufuatana zaidi na sonona, uchovu na wasiwasi kuliko alama za majaribio. Hilo halina maana kwamba mgonjwa anatia chumvi. Anaeleza taabu ya kweli ambayo jaribio la dakika 10 ndani ya chumba kitulivu haliwezi kuiona. Ikiwa utafiti wako unagusa kumbukumbu, pima yote mawili, kisha ongeza kipimo cha sonona, la sivyo utashindwa kueleza kwa nini matokeo yanapishana.

Hatua ya pili: tafuta kilichopo kabla ya kuunda kipya

Kuunda kipimo kipya huchukua miaka. Kwa sonona kuna PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, yenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita na alama kuanzia 0 hadi 27. Tafsiri yake ya Kiswahili imekwisha kutumika sana Kenya na Tanzania. Kwa ubora wa maisha kuna EQ-5D, yenye maeneo matano na mstari wa 0 hadi 100 ambao mgonjwa hujiwekea alama mwenyewe. PROMIS, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 kwa fedha za taasisi za taifa za afya za Marekani (NIH), una hazina za maswali kuhusu maumivu, uchovu, usingizi, utendaji wa mwili na hata uwezo wa kufikiri kama mgonjwa anavyouona. Mradi ndugu yake, NIH Toolbox, ulizinduliwa mwaka 2012 na hupima umakini, kumbukumbu na kasi ya akili kwa watu wa miaka 3 hadi 85 kwa kutumia tableti. Majaribio yake ya akili yamekwisha kurekebishwa kwa Kiswahili na Kiluo kwa ajili ya watoto na vijana wa Kenya.

Kwa wazee ambao hawakusoma shule, kipimo ambacho ningekitazama kwanza ni IDEA, kilichotokana na utafiti wa demensia katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Kina alama 15 tu, hakimdai mzee ajue kusoma, na sehemu ya kunakili umbo hufanywa kwa njiti za kiberiti badala ya kalamu. Uamuzi huo mdogo una thamani kubwa. Mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu akishindwa kuchora mchemraba, huwezi kujua kama kilichoshindwa ni ubongo wake au ni mkono ambao haukufundishwa kuandika.

Kagua pia haki za matumizi. PHQ-9 ni ya bure. EQ-5D huhitaji kujiandikisha, wenye MoCA, kipimo kifupi cha uwezo wa akili, hudai mafunzo na cheti, na tafsiri mpya ya PROMIS huhitaji idhini. Maombi ya kibali cha maadili, kwa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) ukiwa Tanzania bara au kwa kamati ya maadili iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) ukiwa Kenya, yaambatanishwe na dodoso lenyewe, kwa hiyo anza mapema.

Hatua ya tatu: tafsiri kwa mikono zaidi ya miwili

Utaratibu unaokubalika kimataifa ni huu. Watafsiri wawili ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza hutafsiri kila mmoja peke yake. Mtu wa tatu huunganisha tafsiri hizo. Mwingine ambaye hajaona dodoso la asili hurudisha tafsiri katika lugha ya awali. Kisha kamati hukaa na kulinganisha. Ndani ya kamati hiyo awemo muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii anayezungumza na wagonjwa kila siku. Maprofesa wa lugha wana nafasi yao, lakini muuguzi ndiye anayejua kwamba mgonjwa wa wodini husema "mwili hauna nguvu" pale mtafsiri alipoandika "uchovu wa kudumu".

Usidhani kwamba Kiswahili ni kimoja kwa madhumuni haya. Dodoso lililoandaliwa Dar es Salaam lipitiwe upya kabla ya kutumika Mombasa, na lipitiwe kwa kina zaidi kabla ya kupelekwa Lubumbashi au Bukavu.

Hatua ya nne: rekebisha majaribio ya akili, usiyatafsiri tu

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote.

Anza na saa. Katika MoCA mtu huambiwa achore saa inayoonyesha dakika kumi baada ya saa kumi na moja za Kizungu. Kwa Kiswahili hiyo ni saa tano na dakika kumi, na mshale mfupi unapaswa kuelekea kwenye 11. Mjibu anasikia "tano" huku akitakiwa kuelekeza mshale kwenye 11, na hapohapo tarakimu 5 ipo mbele ya macho yake ikimwita. Umemwongezea kazi ya kubadili hesabu ambayo mjibu wa Kiingereza hakuwa nayo. Ama uamue mapema ni jibu lipi litahesabiwa sahihi na uliandike katika mwongozo wa usahihishaji, ama uliache jaribio la saa na kutumia jingine. Chaguo la pili ni bora kwa wazee ambao hawakuzoea saa ya mishale.

Jaribio la kutaja maneno mengi yanayoanza na herufi fulani nalo lina tatizo la kimuundo. Ukichagua herufi K, kila kitenzi katika hali ya kutajwa huanza na "ku" au "kw", na mjibu mwerevu ataendelea na kula, kulala, kuimba, kuruka mpaka dakika iishe. Ukichagua M, majina ya watu na miti yanamiminika: mtu, mtoto, mkulima, mwembe, mnazi. Ni salama zaidi kutumia kundi, kwa mfano wanyama wote ambao mtu anaweza kuwataja kwa dakika moja. Hata hapo weka kanuni kabla ya kuanza. Je, kuku, jogoo na kifaranga ni wanyama watatu au mmoja? Mvuvi wa Kilwa akitaja changu, papa, pweza na kibua, na kabla yao akataja "samaki", unahesabu ngapi? Kanuni ya kawaida ni kuhesabu majina mahususi na kuliondoa jina la jumla, na kukubali jina la lugha ya mama ilimradi mnyama yuleyule asihesabiwe mara mbili. Wasahihishaji wawili wakitumia kanuni mbili, tofauti kati ya wajibu itakuwa kwa kweli tofauti kati ya wasahihishaji.

Jaribio la kurudia tarakimu ambazo mtu amesomewa linaonekana halina utamaduni ndani yake, lakini sivyo. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba sauti, na maneno marefu hujaza nafasi haraka. Tangu mwaka 1975 majaribio yameonyesha kwamba watu hukumbuka maneno machache zaidi maneno hayo yakiwa marefu kutamka. Tarakimu za Kiingereza kutoka moja hadi tisa ni silabi moja moja isipokuwa ile ya saba, ilhali za Kiswahili zote ni silabi mbili. Ndiyo maana ukichukua viwango vya Marekani na kuvitumia kwa msemaji wa Kiswahili unaweza kumhesabia upungufu ambao umo katika urefu wa maneno, haumo katika akili yake.

Kwa orodha ya maneno ya kukumbuka, chagua majina ya vitu vinavyoonekana, yenye silabi mbili au tatu, yanayojulikana bara na pwani, yasiyofanana kwa sauti wala kwa maana. Orodha hiyo isichapishwe hadharani, kwa kuwa jaribio la kumbukumbu likishazoeleka linapoteza kazi yake. Swali la majira ya mwaka, linalopima kama mtu anajua wakati aliopo, nalo litazamwe: mzee akijibu "masika" au "vuli" amejibu vyema, lakini kati ya misimu mpaka si dhahiri, hivyo siku ya juma hufaa zaidi.

Hatua ya tano: yapange maswali ya mgonjwa kwa jinsi watu wanavyojibu

Maswali mengi ya kimataifa huanza na afya kwa jumla, kutoka bora sana hadi mbaya. Kwetu, swali la "afya yako ikoje?" husikika kama salamu, na salamu ina jibu lake: nzuri, namshukuru Mungu. Mgonjwa mwenye maumivu makali atakujibu hivyo kwa adabu tu. Msalimie kwanza kikamilifu, uliza habari za nyumbani, mwache ajibu. Kisha mweleze kwamba sasa yanaanza maswali ya utafiti, na umsomee majibu yote matano kabla hajasema lolote.

Epuka maswali ya kukanusha. Ukimuuliza mtu "Je, hukulala vizuri?" naye akajibu "ndiyo", kwa Kiswahili anathibitisha kwamba hakulala vizuri, lakini karani mwenye haraka ataandika kinyume chake. Andika "Ulipata shida ya kulala?" na tatizo litaisha.

Ngazi za majibu zinahitaji uangalifu wa namna yake. "Mara kwa mara" kwa wengine ni mara nyingi, na kwa wengine ni mara mojamoja, iondoe. Mfululizo wa "hapana kabisa, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, kila wakati" hueleweka vizuri zaidi, hasa ukiambatana na picha ya vikombe vitano vinavyojaa hatua kwa hatua kwa wale wasiosoma. Muda nao uwe wazi. "Wiki iliyopita" wengi huielewa kuwa ile iliyoanza Jumatatu na kuisha Jumapili, hivyo sema "siku saba zilizopita", kisha taja siku yenyewe: tangu Alhamisi iliyopita mpaka leo.

Maswali kuhusu kufikiri yana hatari zaidi. Mtu anaposema "nina mawazo" hazungumzii kazi ya akili, anasema ana dhiki moyoni. Dodoso linalodai kupima kasi ya kufikiri na kuuliza kuhusu "mawazo" litapima dhiki. Vilevile, kumuuliza mtu kama akili yake haifanyi kazi sawasawa kunaweza kusikika kama kumuuliza kama amerukwa na akili. Uliza kuhusu matendo: kuchukua muda mrefu kuliko zamani kulitatua jambo, kusahau uliingia chumbani kufuata nini, kupoteza mfululizo wa mazungumzo.

Kwa utendaji wa mwili, shughuli za dodoso zilingane na maisha ya mjibu. Kusafisha zulia kwa mashine kusiwemo. Kubeba ndoo ya maji ya lita 20, kufua kwa mikono, kulima kwa jembe, kuchuchumaa chooni na kuinuka bila kushikiliwa: haya ndiyo yanayomtenganisha aliyepata nafuu na ambaye bado. Ukibadilisha shughuli, hata hivyo, huwezi tena kulinganisha alama zako na za nchi ya asili bila uthibitisho mpya, na hilo liandikwe wazi.

Swali la tisa la PHQ-9 huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usianze kukusanya takwimu kabla ya kuwa na utaratibu ulioandikwa: nani anaarifiwa siku hiyohiyo, mgonjwa anapelekwa wapi, nani anakaa naye. Kama utaratibu huo haupo, utafiti usianze.

Hatua ya sita: mahojiano ya uelewa

Sasa chukua dodoso kwa watu wanaofanana na watakaolijibu. Baadhi ya miongozo ya tafsiri hutaka angalau watu watano. Mimi naona watano ni mwanzo tu, na ni vyema kuendelea kwa makundi madogo, ukirekebisha kati ya kundi na kundi, hadi matatizo mapya yakome kujitokeza. Changanya wanaume na wanawake, wasomi na wasiosoma, wa mjini na wa shamba.

Baada ya kila swali usiulize kama ameelewa, kwa maana atasema ameelewa. Uliza: "Swali hili linataka kujua nini, kwa maneno yako?" Uliza: "Ulipojibu, ulikuwa unakumbuka siku zipi?" Uliza: "Kwa nini umechagua 'mara nyingi' na si 'wakati mwingine'?" Andika majibu neno kwa neno. Mara nyingi utakuta swali ambalo kamati nzima ililisifu likieleweka kwa namna tatu tofauti, na hakuna njia nyingine ambayo ingekuonyesha hilo.

Hatua ya saba: wafundishe wahoji

Mhoji amwamkie mzee kwa shikamoo, amwite mzee, bibi au mama kama desturi ya mahali ilivyo, aketi kwa kimo sawa naye. Kabla ya jaribio lolote ahakikishe mzee anasikia na anaona. Wengine hukosa alama kwa sababu miwani imebaki nyumbani. Jamaa waombwe kwa upole wakae mbali, kwa kuwa binti anayempenda mama yake atamnong'oneza jibu. Maneno ya kukumbuka yasomwe kwa mwendo uleule kwa kila mtu, na mhoji asiseme "vizuri" pale tu jibu linapokuwa sahihi. Wahoji wawili wahoji au wasahihishe watu walewale kwa siku kadhaa mpaka alama zao zipatane.

Hatua ya nane: pima uthabiti wa alama

Rudia kipimo kwa watu ambao hali yao haijabadilika, baada ya wiki mbili hivi. Uthabiti huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1, na kadiri inavyokaribia 1 ndivyo alama zinavyoaminika zaidi. Kwa kulinganisha makundi, uthabiti wa 0.70 huvumiliwa, lakini kwa kuamua juu ya mtu mmoja, hutakiwa 0.90 au zaidi. Sababu inaonekana kwa hesabu fupi. PROMIS hutumia kipimio chenye wastani wa 50 na mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za watu hutawanyika kwa kawaida kutoka kwenye wastani, wa 10. Uthabiti ukiwa 0.90, kosa la kipimo ni karibu 3.2, hivyo alama halisi ya mtu inaweza kuwa popote ndani ya takriban pointi 6 juu au chini ya aliyopata. Ukiwa 0.70, kosa ni karibu 5.5, na nafasi hiyo inapanuka hadi pointi 11 kila upande. Kumwambia mgonjwa kwamba amepata nafuu kwa sababu alama imesogea kwa pointi 4 ni kumdanganya. Kumbuka pia kwamba ile 50 kwa sehemu nyingi za PROMIS ni wastani wa watu wa Marekani. Haisemi chochote kuhusu wastani wa Morogoro. Na katika majaribio ya akili, mtu hufanya vizuri zaidi mara ya pili kwa sababu tu amezoea, kwa hiyo uwe na fomu mbadala.

Kisha chunguza iwapo swali moja moja linawapendelea watu fulani. Linganisha wenye kiwango kilekile cha afya kwa jumla, waliosoma na wasiosoma, wanaume na wanawake. Swali linalojibiwa tofauti na makundi hayo licha ya hali kufanana lifanyiwe kazi au liondolewe. Uchambuzi wa aina hii huhitaji mamia ya wajibu.

Hatua ya tisa: usiazime alama ya mpaka

Alama ya mpaka ni ile inayotenganisha anayehitaji uchunguzi na asiyehitaji. Hupatikana kwa kulinganisha kipimo na uamuzi wa daktari aliyemchunguza mtu bila kujua alama zake. Mpaka wa mji mmoja hauhamishiki, hasa pale kiwango cha elimu kinapotofautiana. MoCA yenyewe huongeza alama moja kwa mwenye miaka 12 au pungufu ya masomo, na nyongeza hiyo ni ndogo mno kwa mtu ambaye hakwenda shule kabisa.

Hata mpaka mzuri hukamata wengi wasio wagonjwa. Tuchukulie wazee 1,000, kati yao 60 wana demensia. Kipimo kinachowatambua wagonjwa 90 kati ya 100, na kuwaacha salama 85 kati ya kila watu 100 wasio na ugonjwa, kitawakamata wagonjwa 54, pamoja na watu 141 wasio na ugonjwa. Kati ya 195 waliokamatwa, takriban robo tu ndio wagonjwa kweli. Mhudumu wa zahanati aelezwe hesabu hii kabla ya kukabidhiwa kipimo, ili neno "demensia" lisitamkwe mbele ya familia kwa alama peke yake.

Hatua ya kumi: hifadhi na ripoti

Kila toleo la dodoso lipewe namba na tarehe, na mabadiliko yote yaandikwe pamoja na sababu zake. Katika ripoti taja Kiswahili cha wapi, wajibu walisoma wenyewe au walisomewa, maswali yapi yalibadilishwa, na wangapi waliacha swali gani bila kujibu. Majibu yaliyokosekana yasijazwe kwa kubahatisha. Fuata kanuni ya kipimo husika, na kama kanuni haipo, amua yako kabla ya kuona takwimu. Matokeo ya jumla yarudishwe kwa wagonjwa na wahudumu waliojibu, kwa Kiswahili, katika kikao cha kijiji au cha kliniki, na maswali watakayouliza hapo yaandikwe kwa ajili ya toleo linalofuata.